Santuri yako imetoka hafifu, inaruka au inakwaruza? Anza kwa kuhesabu dakika

Kuna watu wananiletea santuri zao mpya hapa Kampala wakiwa na sura ya msiba. Mtu amehangaika mwaka mzima, amekusanya hela, ametuma mafaili nje, mzigo umefika Entebbe, anaweka sahani kwa gramafoni mbele ya washkaji na sauti inatoka kama redio iliyofunikwa na blanketi. Swali lake la kwanza ni nani amemharibia kazi. Langu la kwanza ni upande A una dakika ngapi, na mara nyingi tukishajibu hilo hatuhitaji kutafuta mchawi.

Mi mwenyewe sahani yangu ya kwanza niliweka dakika 26 kila upande kwa sahani ya upana wa inchi 12, manake niliona ni dhambi kuacha nyimbo mbili nje, na kiwanda nilichotumia kilipokea mafaili bila kusema neno. Kopi zote zikatoka hafifu, ngoma hazina kifua, wimbo wa mwisho unakwaruza. Iliniuma sana na ndio sababu naandika hii ndefu hivi.

HESABU KABLA YA DALILI

Upande mmoja wa santuri ni mfereji mmoja tu, mrefu, unaanzia ukingoni unazunguka kuingia ndani mpaka karibu na lebo. Inchi 12 ya spidi 33 inazunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika, kwaiyo dakika 18 ni mizunguko 600. Nafasi ya kukatia ni kama milimita 86, ukigawanya kila mzunguko unapata milimita 0.14 hivi. Sasa weka dakika 26 uone, hio ni mizunguko 866 na kila mmoja unabaki na milimita 0.1 tu. Na besi ndio mla nafasi, manake mfereji wa besi unayumba kushoto kulia kwa upana, ukikosa pa kuyumba utaingia kwa jirani yake, kwaiyo fundi anayekata masta, yaani ile sahani mama ambayo kopi zote zinatoka kwake, anabaki na njia moja, kushusha sauti ya upande mzima.

Ukishashika hapo, vipimo vingine vinakuja vyenyewe. Inchi 7 kwa spidi 45 inabeba dakika 4 na nusu kwa raha, 5 inabana, 6 ni kujitesa. Inchi 7 ile ile kwa spidi 33 inafika dakika 6. Inchi 10 inabeba kama 9 kwa 45 na 12 kwa 33, ukisukuma sana 15. Inchi 12 kwa 45 ni dakika 12 za sauti nono, na kwa 33 ni 18, unaweza kufika 22 kama nyimbo ni za upole. Izi ni za upande mmoja, sio sahani nzima! Alafu sio sheria za kuchongwa kwa jiwe, mtu na gitaa lake tu anaweza kusogea mbele dakika mbili tatu, mtu wa ngoma nzito na besi ya kompyuta arudi nyuma. Na zile sahani nzito za gramu 180 haziongezi hata sekunde moja, huo ni unene wa plastiki, mfereji unakaa juu juu.

Izi saizi hazikuja kwa bahati. Kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa sahani ndefu ya 33 mwaka 1948 kwa ajili ya muziki mrefu, wapinzani wao RCA Victor wakajibu 1949 na inchi 7 ya 45 kwa wimbo mmoja mmoja. Kwaiyo inchi 7 ilizaliwa kwa wimbo mfupi, we ukiipelekea wimbo wa dakika 7 unaidai kitu ambacho haikuahidi.

DALILI YA 1: SAUTI NI NDOGO, UKIPANDISHA VOLIUMU UNASIKIA MCHAKARO

Hii ndio inaongoza. Kabla hujalia, fanya mambo mawili rahisi.

Kwanza weka santuri ingine yoyote unayoijua, usiguse voliumu. Ikiwa na yenyewe ni hafifu na haina besi, tatizo liko kwa waya zako. Kuna watu wanachomeka gramafoni moja kwa moja kwa tundu la AUX. Santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zikiwa zimeongezwa, huo mpangilio unaitwa RIAA na ndio umekuwa kawaida tangu miaka ya 50, na ni lazima kuwe na kifaa cha fono cha kurudisha besi mahali pake. Amplifaya nyingi za zamani zina tundu limeandikwa PHONO, tumia hilo. Za siku hizi nyingi hazina, utahitaji kiboksi kidogo cha fono, na gramafoni zingine zinacho ndani tayari na swichi yake iko nyuma. Usiwashe vyote viwili pamoja, sauti itapasuka.

Ya pili, kama zile zingine zinapiga vizuri na yako peke yake ndio inanong'ona, chukua simu uhesabu dakika za upande, na uhesabu na vile vinafasi vya kimya kati ya nyimbo. Inchi 12 ya 33 yenye zaidi ya dakika 22, usitafute zaidi, umeshapata.

Mara chache zaidi sababu ni besi kwenye miksi. Upande una dakika 17 tu lakini besi imejazwa mpaka juu, mfereji unahitaji upana mkubwa kuliko kawaida na fundi akashusha kila kitu ili iingie. Na mara chache kabisa unakuta fundi alikata kwa woga tu.

Dawa? Kwa sahani iliyokwisha kuchapwa hamna, na usikubali mtu akuuzie kifaa cha kuirekebisha. Kwa toleo linalofuata una njia tatu. Toa wimbo, ndio, toa, weka kwa intaneti kama zawadi kwa aliyenunua sahani. Au gawanya kwa sahani mbili, dakika 50 zikiwa pande nne unapata 12 na nusu kila upande na hapo hata 45 inawezekana kama besi sio nzito sana, ila bei ya kuchapa na kusafirisha inakaribia mara mbili. Au kata intro na autro zile za dakika nzima nzima, manake DJ atazikata mwenyewe kama anataka, na kila dakika uliyotoa inarudi kama nguvu ya sauti. Mi napenda ya kwanza, albamu ya nyimbo nane zinazopiga inashinda ya kumi na mbili zinazonong'ona.

DALILI YA 2: WIMBO WA KWANZA NI MTAMU, WA MWISHO UNAKWARUZA NA ZILE "ES" ZINACHOMA

Safisha sindano kwanza. Kweli kabisa, vumbi letu hapa hasa kiangazi linajenga kampira kwenye ncha ya sindano na sauti inaharibika, na inaharibika zaidi kuelekea ndani. Brashi laini, kutoka nyuma kuja mbele, usiende kinyume utavunja. Alafu angalia kama katriji, kile kichwa kinachoshika sindano, imekaa sawa kwa mkono wa gramafoni, ikipinda kidogo tu utasikia mwishoni mwa upande. Sindano iliyochakaa nayo inafanya hivyo hivyo, kama umenunua gramafoni ya mtumba soko la Owino na haujawahi kubadilisha sindano basi badilisha kabla ya kulaumu kiwanda, na acha kupiga sahani nzuri na hio sindano manake inazichimba.

Kama sindano ni nzima, sababu inayofuata ni ya maumbile ya santuri yenyewe. Inchi 12 ya 33, pale ukingoni mfereji unapita chini ya sindano kwa kama sentimita 51 kwa sekunde, lakini karibu na lebo duara ni dogo na inapita kama sentimita 21 tu. Yaani sauti ile ile sasa inabanwa kwenye chini ya nusu ya nafasi. Haihati, visahani vya ngoma, "es" na "sh" za muimbaji ndio vinaumia kwanza. Kwaiyo ukiweka wimbo wako mkali kuliko wote mwisho wa upande, umeuweka chumba kibaya kuliko vyote.

Hapa ndio watu wengi wanakosea kwa sababu ya mazoea. Kwa simu tunapanga nyimbo kama hadithi, tunapanda pole pole na bomu linakuja mwisho. Kwa santuri panga kinyume, bomu liwe wa kwanza upande A, bomu la pili wa kwanza upande B, na zile za taratibu zimalizie. Kumbuka una mianzo miwili, tumia yote.

Ukitaka kuingia ndani zaidi, ongea na aliyefanya miksi apunguze "es" za muimbaji kuanzia kilohezi 5 mpaka 10 hivi, afanye kwenye sauti ya muimbaji peke yake, sio wimbo mzima. Au hamia 45, pale pale karibu na lebo inapita sentimita 28 badala ya 21 na sikio linasikia tofauti hio. Njia ingine rahisi kabisa, usijaze upande. Upande wa dakika 14 unaisha mbali na lebo, zile sentimita mbaya haufiki.

Simama hapa: usichukue faili lako la mwisho ukaanza kulipunguza sauti za juu mwenyewe ukisema unaliandaa kwa vinili, ile plastiki ya santuri. Wengi wanapeleka kitu kimekufa alafu fundi wa kukata hana la kufufua. Mpe faili la WAV la biti 24 ambalo sauti yake haijabanwa mpaka mwisho, mwambie unachoogopa, muache afanye kazi yake.

DALILI YA 3: SINDANO INARUKA

Ikiruka mahali tofauti tofauti, ni kwako nyumbani. Vumbi, meza imeinama, mkono ni mwepesi mno, au spika imewekwa meza moja na gramafoni na kila besi inatikisa kila kitu. Weka gramafoni pekee, tumia programu ya simu ya kupima usawa wa meza, alafu pima uzito wa sindano kwa kimizani chake kidogo. Katriji nyingi za nyumbani zinataka kama gramu 1.5 hadi 2, za DJ hufika 3 au 4, soma karatasi ya katriji yako usikisie. Kuweka sarafu juu ya mkono ili isiruke, jamani, acheni, mnatoboa santuri.

Ikiruka mahali pale pale kila mara, kwa kopi moja tu, angalia kwa tochi utaona mkwaruzo au chembe ya plastiki. Kiwanda chenye heshima kitabadilisha kopi.

Ikiruka mahali pale pale kwa kopi zote, na kwa gramafoni mbili tofauti, basi ni masta. Na kwetu sisi sababu ninayokutana nayo sana ni ngoma. Mtu anarekodi bakisimba, ile ngoma ya Wabaganda, maiki moja kushoto kwa ngoma kubwa, maiki ingine kulia kwa engalabi, ile ngoma ndefu, alafu anatanua stirio mpaka mwisho. Kwa hedifoni ni tamu balaa. Lakini kwa santuri sauti zilizo sawa kushoto na kulia zinasukuma sindano kwa ubavu, na zile zinazopingana zinaisukuma juu na chini, kwaiyo besi inayopingana inainua sindano mpaka inatoka nje ya mfereji. Jaribu hivi bila kulipa mtu yeyote: sikiliza miksi yako kwa mono, yaani kushoto na kulia vikiunganishwa kuwa sauti moja. Ngoma ikipotea au ikikonda, hio ndio itaruka. Rudisha besi katikati, kila kitu chini ya kama hezi 150 kiwe mono, utanuzi ubaki kwa sauti za juu kama endingidi (zeze la uzi mmoja) na vigelegele.

Sababu ya mwisho ni kurudi kule kule, upande uliojazwa. Mifereji imebanana, ukuta kati yao ni mwembamba, sindano ya bei rahisi inaruka ukuta. Sindano nzuri inabaki ndani. Usidanganyike na hio, watu wako wengi hawana sindano nzuri.

Simama hapa pia. Ukipata sahani za majaribio, zile kopi chache za kusikiliza kabla kiwanda hakijachapa zote, na zinaruka, usiidhinishe ukitumaini zitajirekebisha. Sikiliza kopi mbili au tatu kwa gramafoni mbili, andika upande, wimbo, dakika na sekunde, tuma kwa kiwanda na usubiri. Ukisema ndio, mamia ya kopi yanachapwa na kosa lile lile, na masta mpya utalipia wewe.

DALILI YA 4: INAIMBA POLEPOLE AU KAMA KATUNI

Swichi ya 33 na 45, angalia hio kwanza. Inchi 12 ya 45 inawachanganya wengi kwa sababu wamezoea kubwa ni 33, kwaiyo andika spidi kwa lebo, kwa herufi kubwa, pande zote mbili. Kwa muziki wa kielektroniki au ngoma za Acholi zilizopigwa kwa kibodi msikilizaji mgeni hawezi hata kujua kama spidi imekosewa, nimemuona mtu anacheza sahani nzima kwa spidi mbaya na anafurahia.

Sababu ya pili ni mkanda wa mpira umelegea, hio ni rahisi, unabadilishwa.

Ya tatu ni gramafoni ya Marekani. Umeme wao ni volti 120 na hezi 60, wetu ni 240 na 50. Mota za zamani zinafuata hezi, kwaiyo 33 inakuwa kama 27.8 na 45 inakuwa 37.5, muimbaji anakuwa mlevi. Transfoma ya kushusha volti itakuokoa na moto lakini haibadilishi hezi, spidi itabaki mbovu mpaka upate puli (kile kigurudumu cha mota) ya hezi 50 inayofaa modeli yako. Na ukiichomeka moja kwa moja kwa ukuta itaungua. Hapa usifungue mwenyewe, peleka kwa fundi wa umeme anayejua, mtaa wa Katwe hapa Kampala wapo, manake ndani kuna sehemu zinabaki na umeme hata ukichomoa.

DALILI YA 5: SAHANI IMEPINDA

Jua. Vinili inaanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi na gari lililofungwa juani, dashibodi inafika huko. Ukisafirisha mzigo kwa basi kwenda Gulu au Arua usikubali uwekwe juu ya paa, na ziweke zisimame wima, zisilaliane. Iliyopinda kidogo inapiga, iliyopinda sana achana na mambo ya oveni, utapoteza na ile mifereji.

DALILI YA 6: WIMBO NI MREFU, HAUINGII POPOTE

Hii imeniweka macho usiku zaidi ya zingine zote, manake muziki wetu wa zamani haukupimwa kwa dakika tatu. Kadongo kamu ni gitaa na hadithi, na hadithi ina mwanzo, ina mke, ina jirani, ina kesi kwa chifu. Rumba nayo ina maneno alafu sebene, ile sehemu ya magitaa ya kucheza. Enzi za inchi 7 studio za Nairobi na Kinshasa zilitatua kwa kukata wimbo mara mbili, sehemu ya 1 upande A, sehemu ya 2 upande B, unageuza sahani katikati ya raha. Kwa rumba ilikubali kwa sababu sebene ni kama mlango mpya, unageuza na kuingia dansini.

Kwaiyo kabla ya kuchagua saizi jiulize wimbo wako una mlango au hauna. Ukiwa nao, na kila nusu ni dakika 4 na kidogo, inchi 7 kwa 45 ni nzuri na ni nafuu kusafirisha. Kila nusu ikiwa kama dakika 6, inchi 7 kwa 33, ila ujue pale inapita polepole na sauti itapungua, mi siipendi sana kwa muziki wa kucheza. Dakika 8 au 9 bila kukatwa, inchi 10 kwa 45. Kosa linalorudi rudi hapa ni pande zisizolingana, upande A dakika 21 na B dakika 11, moja inanong'ona na ingine inapiga kelele na msikilizaji anadhani sahani ni mbovu, sogeza wimbo mmoja uone mambo yanavyotulia.

Kuna mzee mmoja wa kadongo kamu nilikuwa namsaidia, wimbo wake una dakika 11 na sekunde kidogo, na vijana wa studio walishamwambia aukate. Nikamuuliza, "Mzee, tukitafuta pa kuukata ni wapi?" Akanyamaza, akaniambia, "Mwanangu, nikikata pale mke hajajibu bado." Basi. Tulichukua inchi 12 kwa spidi 45, upande mzima wimbo mmoja, gitaa moja na sauti yake, besi haisumbui, na hata ile pumzi anayovuta kabla mke hajajibu inasikika. Upande B tukaweka wimbo wake mwingine wa dakika 10. Wa tatu aliokuwa nao, wa dakika 9, hatukuuweka, unangoja sahani yake.